Mshale wa Mwendo Usiposogea

Magari ya watalii yapitayo Karatu kwenda Ngorongoro mara nyingi huongezewa redio ya mawasiliano. Pengine, baada ya redio kufungwa, gari huenda lakini mshale wa kipimamwendo hubaki kwenye 0. Dereva hatajua kama amezidi kilometa 50 kwa saa, kikomo cha mwendo katika makazi ya watu.

Katika magari ya zamani mshale husukumwa na kebo izungushwayo na giaboksi. Magari ya siku hizi hutumia umeme. Kifaa kidogo hutoa mapigo ya umeme kadiri magurudumu yanavyozunguka; mapigo yakienda upesi, mshale hupanda.

Fundi hodari hakimbilii kununua kipimamwendo kipya. Kwanza hutazama fyuzi. Ikiwa nzima, huzitenga nyaya za redio, kisha huliendesha gari polepole. Je, mshale umeinuka? Basi kasoro imo katika nyaya hizo. Huenda waya mmoja umeunganishwa kwenye waya wa mapigo. Au waya wa ethi umefungwa juu ya rangi ya bodi, nayo rangi huzuia umeme. Fundi huikwangua mpaka chuma king'ae, ndipo akaze skrubu.