Bata Wavuao Samaki: Namna Wanavyochagua na Kunasa Mawindo Yao

Bata wanaojulikana zaidi ni wale wachokoao matope kandoni mwa maji wakitafuta majani, wadudu na punje. Lakini katika mito na maziwa ya nchi za kaskazini mwa dunia wako bata ambao chakula chao kikuu ni samaki hai. Hupiga mbizi, humfukuza samaki chini ya maji na kumkamata huko huko. Wengi wao ni wa jenasi iitwayo Mergus. Aliye mkubwa kuliko wote, Mergus merganser, huishi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na dume lake aweza kufikia uzito wa kilo 2. Katika Afrika Mashariki bata hawa hawapo. Kazi yao hufanywa na ndege wengine, hasa mnandi na mdiria.

Kwa miaka mingi wavuvi wa samoni wa Uskochi na Kanada wamewashtaki bata hawa kwamba humaliza samaki, na wengi wameuawa kwa bunduki kwa ajili ya shtaka hilo. Je, ni shtaka la haki? Ili kulipima yafaa kwanza kufahamu jinsi ndege huyu anavyomwona samaki, anavyomnasa na anavyomchagua.

Jicho la hewani na majini

Mtu akifumbua macho ndani ya maji huona ukungu mtupu. Sababu yake ni hii: hewani, kiasi cha theluthi mbili ya kazi ya kupinda nuru hufanywa na konea, yaani ngozi angavu iliyo mbele ya jicho. Konea na maji hupinda nuru kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa hiyo jicho likizama majini, nguvu ya konea karibu yote hupotea, na taswira haitui mahali pake.

Bata wavuao samaki wameepukana na shida hiyo kwa njia ya ajabu. Misuli ya irisi yao, yaani ile duara yenye rangi izungukayo mboni, ni yenye nguvu nyingi, na lenzi yao ni laini. Ndege anapozama, misuli hiyo huibana lenzi hata sehemu yake ya mbele ikatokeza katika tundu la mboni, mfano wa unga uliokandwa unapobinywa kati ya vidole. Lenzi iliyobinuka hivyo hupinda nuru kwa nguvu zaidi, na pengo lililoachwa na konea huzibwa. Vipimo vilivyofanywa Kanada katika miaka ya 1980 juu ya jamaa yao mmoja, Lophodytes cucullatus, vilionyesha kwamba jicho lake laweza kuongeza nguvu kwa zaidi ya dayopta 60. Jicho la mtoto wa binadamu huongeza kiasi cha 15 tu.

Basi bata huyu ni mwindaji wa macho. Aghalabu huwinda mchana, penye maji maangavu, na kabla ya kuzama huogelea taratibu akiwa ametumbukiza uso majini, akichungulia huku na huku.

Kufukuza na kunasa

Miguu ya bata hawa imekaa nyuma sana mwilini. Jambo hilo huwafanya watembee kwa taabu nchi kavu, lakini majini miguu hiyo husukuma kama makasia yaliyo nyuma ya mtumbwi, huku mabawa yamefungwa ubavuni. Mara nyingi huzama katika maji yasiyozidi kina cha meta 4, kwa muda usiofika nusu dakika. Mtoni huingiza mdomo chini ya mawe ili kuwafurusha samaki waliojificha.

Mdomo wenyewe ni mwembamba na mrefu, una ndoana nchani, na kingo zake zina meno kama ya msumeno yaliyoelekea nyuma. Hayo si meno ya kweli, kwa kuwa ndege hawana meno. Ni sehemu za mdomo zilizochongoka. Samaki mwenye utelezi akishabanwa humo, kila anapojitikisa huzidi kuelekea kooni. Humezwa kwa kutanguliza kichwa, ili miiba na magamba yalale badala ya kukwama.

Jamaa mwingine, Mergus serrator, mara kwa mara huwinda kwa ushirika. Kundi hujipanga mstari na kuwasukuma samaki kuelekea maji mafupi, kama wavuvi wavutao juya.

Hesabu ya mwindaji

Samaki wanaoliwa kwa kawaida ni wa sentimita 10 au chini yake, ingawa bata mkubwa aweza kumeza hata samaki wa sentimita 30. Kinachoweka mpaka hasa ni unene kuliko urefu, ndiyo maana mkunga mrefu humezwa pasipo shida. Kwa nini basi asitafute wakubwa siku zote?

Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani walitoa nadharia isemayo kwamba mnyama huelekea kuchagua chakula kinachompa faida kubwa kwa muda anaoutumia. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba samaki mdogo ana gramu 5 na kumkamata na kummeza huchukua sekunde 10. Wa kati ana gramu 20 na huchukua sekunde 25. Mkubwa ana gramu 60 na huchukua sekunde 180, kwa kuwa lazima apandishwe juu, ageuzwe, na pengine shakwe wamnyang'anye. Faida kwa kila sekunde ni gramu 0.5 kwa mdogo, 0.8 kwa wa kati, na 0.33 kwa mkubwa. Wa kati ndiye bora.

Je, mdogo aachwe? Ikiwa wa kati hupatikana baada ya kutafuta sekunde 10, bata anayemfuata yeye tu hupata gramu 20 kwa sekunde 35, yaani 0.57. Kiasi hicho chazidi 0.5, hivyo mdogo hupotezea muda. Lakini wa kati akiwa adimu, apatikane baada ya sekunde 75, pato hushuka hadi 0.2, na hapo kumpita mdogo ni hasara. Basi uamuzi wa kumla au kumwacha samaki mdogo hautegemei wingi wa wadogo, bali wingi wa walio bora kuliko yeye.

Uwezo wa mwindaji nao huingia katika hesabu. Vifaranga wa Mergus merganser huanza kwa kula wadudu wa majini, na huelekea kwenye samaki wanapopata umri wa siku 12 hivi, mbio zao zikishatosha.

Kulipima shtaka

Bata mzima hula kwa siku kiasi kinachokadiriwa kuwa kati ya gramu 300 na 500 za samaki. Katika mto Pollett, jimbo la New Brunswick, Kanada, mtaalamu P. F. Elson alieleza mwaka 1962 kwamba bata walipopunguzwa, samoni wachanga walioshuka baharini waliongezeka. Kwa hiyo malalamiko ya wavuvi si ya uzushi.

Hata hivyo, samaki aliyekutwa tumboni mwa bata si lazima awe samaki aliyepotea kwa mvuvi. Samoni wachanga hushindania chakula na nafasi, na baadhi ya walioliwa wangekufa vivyo hivyo. Wengi wa waliosalia hufia baharini kabla ya kurudi. Tena, kama hesabu iliyotangulia inavyoonyesha, bata humfuata samoni pale ambapo samoni ndiye mwepesi kupatikana. Samaki wengine wakizidi, huwageukia hao. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1981 huwalinda bata hawa, na kuwaua huhitaji kibali.

Wakati huohuo wako bata walio hatarini wao wenyewe. Mergus octosetaceus wa Brazili huishi katika mito ya maji maangavu, na inakadiriwa kwamba wakubwa waliobaki hawafiki 250. Mabwawa, na udongo uletwao mtoni na kilimo na uchimbaji wa madini, huharibu makao yake. Mwindaji wa macho hana silaha penye tope.

Somo kwa Ziwa Victoria

Kanuni hiyo hiyo imeonekana Afrika Mashariki. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 furu walikuwa wamepungua mno. Katika Ghuba ya Mwanza, mdiria ambaye zamani alikula furu kwa wingi alihamia kwenye dagaa. Kwa kuwa dagaa ni mwepesi zaidi, ilimbidi akamate samaki wengi zaidi kila siku. Hakubadili ladha, ziwa lilimbadilishia hesabu.

Wanafunzi walio karibu na maji waweza kulichunguza jambo hili kwa saa na daftari tu. Wamtazame mnandi mmoja, wapime muda wa kila mbizi, na waandike ni mara ngapi aliibuka na samaki mdomoni. Wakumbuke kwamba samaki wadogo huweza kumezwa chini ya maji pasipo kuonekana. Kisha walinganishe siku ya maji maangavu na siku ya maji machafu baada ya mvua. Tofauti watakayoipata ndiyo itakayowaonyesha ndege hulipa gharama gani udongo wa mashambani unapoachwa uteremke ziwani.