Mzee Anayeishi Peke Yake: Ni Jukumu la Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake wote. Amma baad:

SUALI

Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi nafanya kazi Muscat na ndugu yangu yuko Dar es Salaam. Mama yetu ana miaka 78, anaishi peke yake Unguja. Kila mwezi tunampelekea pesa za matumizi, wala hakosi chakula. Mwezi uliopita alianguka chooni usiku, akalala chini mpaka asubuhi alipokuja mtoto wa jirani kumletea mkate. Sasa vijana wa msikiti wa mtaani wameanzisha utaratibu wa kuwatembelea wazee, kuwapeleka hospitali na kuwatengenezea nyumba zao. Je, tukimwacha mama chini ya uangalizi wao, dhima yetu imeondoka? Na je, inafaa tutoe Zaka zetu katika utaratibu huo, ili na yeye apate kufaidika?

JAWABU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, Allah amponye mama yetu na akulipeni kheri kwa kuuliza. Suali lako lina mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: jukumu la mtoto kwa mzazi wake, na jukumu la jamii kwa wazee wake. Yote mawili yapo katika sheria yetu, na moja haliliondoi jengine. Nitayaeleza kila moja, kisha nirudi kwenye suala lako.

Jukumu la mtoto

Katika Suratul Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke Yake na amri ya kuwatendea wema wazazi wawili. Hapo hapo akautaja uzee. Amekataza hata neno dogo la kuonesha kuchoshwa nao, na akaamrisha wasemezwe kwa heshima. Ukiizingatia aya, utaona imezungumzia mzazi anapofikia uzee akiwa “kwako”, yaani karibu nawe, unamsikia naye anakusikia. Neno la upole halina pa kufika ikiwa mzee hana wa kusema naye.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamesema kwamba mzazi asiyejiweza, nafaka yake ni wajibu juu ya watoto wake, wanaume na wanawake, madhali wana ziada baada ya mahitaji yao wenyewe na ya wale walio chini yao. Nafaka hiyo si chakula tu. Inaingia nguo, makaazi na dawa, na pia mtu wa kumhudumia iwapo uzee au maradhi yamefika pahala hawezi kujihudumia mwenyewe. Basi mtoto anayepeleka pesa za unga na mchele, na mama hawezi kwenda msalani bila ya kushikwa mkono, bado hajaitimiza nafaka.

Jukumu la jamii ni fardhi, si hisani

Wapo wazee wasiopata mtoto, na wapo waliozika watoto wao. Katika madhehebu yetu nafaka ya jamaa inawahusu wazazi na watoto, kwenda juu na kushuka chini, na haimlazimu ndugu wala mpwa, ingawa madhehebu mengine yamepanua zaidi. Basi mzee kama huyu ni wa nani?

Jawabu limo ndani ya vitabu vya fiqhi tunavyovisomesha vyuoni, katika orodha ya fardhi kifaya. Pamoja na kumsalia maiti na kutafuta elimu, wanavyuoni wametaja kuwaondolea watu dhara: kumlisha mwenye njaa na kumvisha asiye na nguo, ikiwa Zaka na Baitul Mali havikutosheleza. Maana ya fardhi kifaya tunaijua sote. Wakisimama baadhi, dhambi zimewaondokea wengine. Wasiposimama hata mmoja, wameingia dhambini wote waliojua na wakaweza. Mtaa unaokusanyika mia kwa mia kumzika mzee, na ukashindwa kutoa watu wawili wa kumtazama alipokuwa hai, umeshika fardhi moja na kuiangusha nyengine.

Serikali nayo ina sehemu yake. Zanzibar ilianzisha Pencheni Jamii mwezi wa Aprili 2016 kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70 na masharti ya ukaazi, bila ya kuangalia kama alikuwa mtumishi, mvuvi au mkulima. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha ikapandishwa hadi 50,000. Zipo pia nyumba za wazee za Serikali, Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini shilingi 50,000 haimwinui mtu aliyeanguka usiku. Hapo ndipo penye nafasi ya jirani na msikiti.

Makaazi

Wazee wengi wa kwetu wana nyumba, lakini nyumba yenyewe imekuwa adui. Mji Mkongwe ngazi ni za mbao na zimesimama wima. Katika majumba ya Michenzani mzee wa ghorofa za juu hufikiri mara tatu kabla ya kushuka. Shamba, choo kiko nje na paa linavuja. Mara nyingi kinachohitajika ni kidogo: kumhamishia kitanda chumba cha chini, kumtilia mkono wa kushikia chooni, kumbadilishia mabati, kumwekea taa ya usiku. Fundi akitoa siku moja na mwengine akatoa saruji, kazi imekwisha.

Wazee wetu waliotangulia walilijua hili, ndiyo maana Mji Mkongwe kuna nyumba nyingi za wakfu zinazosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mwenye uwezo leo anaweza kuweka wakfu chumba au nyumba kwa ajili ya wazee wasio na pa kukaa. Aandike sharti lake wazi, kwani sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa madhali halipingani na sheria.

Ama kumpeleka mzazi nyumba ya wazee, wengi huniuliza kama ni haramu. Kwa asiye na mtu, nyumba hizo ni rehema. Kwa mwenye watoto, hutazamwa hali. Mtoto anayeweza, akampeleka mama yake ili apumue yeye, huyo yumo katika kuwaasi wazazi. Lakini ikiwa maradhi ya mzazi yanahitaji uangalizi ambao nyumbani haupatikani, na mwenyewe ameridhia, na watoto hawakatizi kwenda kumtazama, hakuna dhambi inshaallah.

Kumliwaza

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba baada ya kufariki Mtume (s.a.w.), Abu Bakr (r.a.) alimwambia Umar (r.a.) waende kumzuru Ummu Ayman, kama Mtume alivyokuwa akimzuru. Ummu Ayman ndiye aliyemlea Mtume utotoni, na wakati huo alikuwa bibi mtu mzima. Walipofika alilia, nao wakalia pamoja naye. Tuangalie: khalifa wa Waislamu, na mambo ya dola yote mabegani mwake, alipata wakati wa kwenda kukaa na mwanamke mzee. Hadithi haikutaja kuwa walimpelekea kitu. Walimpelekea nafsi zao.

Wanaume wazee kwetu bado wana baraza, kahawa na bao. Siku asipoonekana, wenzake watauliza. Wasiwasi wangu mkubwa ni kwa mabibi walio ndani, ambao hawaonekani siku zote, na wanaweza kupotea wiki nzima pasi na mtu kugundua. Kwa hiyo utaratibu wa mtaa uwe na akina mama wa kuwatembelea akina mama. Akienda mwanamme, wasiende chini ya wawili, ili kuepuka khalwa na maneno ya watu. Na mwenye kuzuru akae. Mzee ana hadithi ya kusimulia, na mara nyengine ameshaisimulia jana. Kuisikiliza tena ni ibada.

Usafiri

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.), alipohesabu sadaka za kila siku, alitaja kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpakilia mzigo wake. Leo mnyama ni daladala na bajaji. Mzee hawezi kuparamia daladala iliyojaa, na kukodi gari kila siku ya kliniki kunamaliza pencheni yake. Kijana mwenye gari akijitolea Jumatatu moja kwa mwezi, ameipata sadaka hiyo.

Hapa pana mas-ala ya fiqhi ambayo wengi hawayajui. Wanavyuoni wetu wamesema kwamba mwanamme mzee aliyeishiwa nguvu za miguu, Ijumaa inamlazimu iwapo atapata kipando, cha kwake, cha kukodi au cha kuazimwa, na kupanda kwenyewe kusimpe mashaka makubwa. Asipopata, ana udhuru. Basi bajaji ya msikiti inayopita kuwachukua wazee saa tano na nusu inawarudisha kwenye fardhi iliyokuwa imewaponyoka. Nimewaona waliokuwa hawajakaa safu moja na rafiki zao kwa miaka, na furaha yao siwezi kuieleza.

Na si lazima mzee ndiye aendewe na gari kila mara. Siku ya Fat-hu Makka, Abu Bakr alimleta kwa Mtume (s.a.w.) baba yake, Abu Quhafa, mzee aliyekwishapofuka. Imam Ahmad amepokea kwamba Mtume alisema lau angemwacha mzee nyumbani, yeye mwenyewe angemwendea. Daktari, imamu na sheha wenye kuweza kumfuata mzee kwake, wana kiigizo hapo.

Fedha: Zaka, sadaka na wakfu

Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Mzee Muislamu aliye fakiri au maskini ni katika wao. Lakini kwa rai ya wanavyuoni wengi ni lazima amilikishwe, yaani apewe iwe yake, au amwakilishe anayemwamini kumpokelea na kumtumilia. Kwa hiyo haifai kukusanya Zaka na kununua bajaji iwe mali ya jumuiya. Bajaji inunuliwe kwa sadaka, au mtu aiweke wakfu, kwani chombo kinachotumika na kikabaki kinafaa kuwekwa wakfu. Mafuta na matengenezo pia yatoke katika sadaka.

Sadaka ina mlango mpana zaidi, na inamfikia hata jirani asiyekuwa Muislamu. Abu Yusuf ametaja katika Kitabul Kharaj kwamba Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba, akamwondolea jizia na akaamuru apewe katika Baitul Mali.

Nawausia pia wasimamizi: hesabu zisomwe hadharani, na mwenye kumhudumia mzee asikubali kuandikiwa nyumba wala shamba. Mtu dhaifu humpa aliye karibu naye kwa khofu ya kuachwa, na fitna za mirathi nyingi zimeanzia hapo.

Suala la mama yako

Kwanza, dhima yenu haijaondoka. Vijana wa msikiti ni wasaidizi wenu, si badala yenu. Muulizeni mama anataka nini: kuhamia kwa mmoja wenu, au kubaki kwake na kupata mtu wa kulala naye. Akichagua kubaki, kama walivyo wazee wengi, basi mshahara wa mtu huyo ni juu yenu nyote wawili, kwani ni katika nafaka yake.

Pili, Zaka yenu msimpe kwa fungu la mafakiri na maskini, si kwa mkono wala kwa kupitia utaratibu huo, kwani nafaka yake inakulazimuni na mtakuwa mnajilipia wajibu wenu wenyewe. Wameruhusu wanavyuoni wetu kumpa mzazi kwa fungu jengine, kama akiwa na deni asiloweza kulilipa. Mzee mwengine wa mtaani aliye maskini, mpeni Zaka bila ya wasiwasi. Na utaratibu wenyewe uchangieni kwa sadaka.

Tatu, wapeni vijana nambari zenu za simu, na jirani mmoja muaminifu awe na ufunguo wa mama, kwa ridhaa yake. Chooni wekeni mkono wa kushikia wiki hii.

Nne, pangeni zamu ya kuja. Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kwenda vitani. Mtume alimuuliza kama wazazi wake wako hai, na aliposema ndiyo, akamwelekeza akafanye jihadi yake kwao. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Likizo yako ijayo, ndugu yangu, usiipangie pahala pengine. Njoo ulale katika nyumba ile, usikie nyayo za mama usiku zinapokwenda chooni, ndipo utajua anahitaji nini.

Tunamuomba Allah awape afya wazee wetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na atupe na sisi watu wa kututazama siku zitakapotufika.

Wabillahi tawfiq, wallahu a'lam.