Sare Kando ya Machimbo

Shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu iliyokolea: mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania anajulikana kwa mbali. Mjini rangi hizo zimezoeleka hata hazimshtui mtu. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo ya Geita na Kahama ni habari nyingine. Mtoto mwenye sare akionekana saa nne asubuhi kwenye karasha la kusagia mawe au kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu, kila mtu mzima anajua alipaswa kuwa wapi. Aliyevaa nguo za nyumbani anapotea katikati ya vibarua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja kazi ya migodini kuwa hatari kwa mtoto na kuikataza, lakini sheria haitembei yenyewe machimboni. Sare humsaidia mwenyekiti wa kijiji, na hata mpita njia, kuuliza swali linalotakiwa kuulizwa.

Kwangu hiyo ndiyo sababu nzito ya kuwa na sare katika ukanda huu. Usawa nao una maana: mtoto wa mfanyakazi wa mgodi mkubwa na wa mkulima wa pamba wanaketi dawati moja bila nguo kuwatenga, ingawa viatu bado vinasema.

Lakini sare hiyo hiyo inaweza kumtoa mtoto shuleni. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Sare ikabaki juu ya mzazi. Shule hufunguliwa Januari. Kwa mkulima wa Kishapu, mkoani Shinyanga, huo ni mwezi wa palizi: pamba iko shambani, na fedha yake haionekani mpaka msimu wa ununuzi ufunguliwe, Mei au baadaye. Dhahabu haingoji msimu. Mtoto anayerudishwa nyumbani akatafute shati, kazi iliyo karibu naye ni kuponda mawe. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2013 kuhusu machimbo haya, lilieleza watoto wanaofanya kazi ili wapate mahitaji ya shule.

Uzito wa gharama hiyo ulipimwa magharibi mwa Kenya: wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 328, ambapo wanafunzi wa baadhi yake walipewa sare bure kuanzia 2003. Ndani ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walikuwa 16 kati ya 100, dhidi ya 19 kwenye shule zisizopewa. Mimba nazo zilipungua.  Ni nguo tu.

Basi, walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule, msimrudishe mtoto kwa kukosa sare. Mwacheni aingie darasani na nguo aliyonayo, na mzazi apewe muda hadi pamba iuzwe. Tena aruhusiwe kushonesha kwa fundi yeyote wa gulioni, asilazimishwe duka moja.