Kunja, Beba, Tandika

Njooni, wanangu wa Lurujo. Njoo wewe wa Koboko, na wewe uliyetoka Arua jana. Sogeeni, mkeka ni mpana, tutaenea sote.

Leo nina hadithi ya watu wanaohama, na ya kitu wanachohama nacho. Watu hao hawana nyumba ya matofali. Hawana kabati, hawana meza. Mwezi huu wako bondeni, mwezi ujao wako mlimani, kwa sababu mifugo yao hufuata majani na maji. Kila walicho nacho lazima kipande mgongoni mwa mnyama. Kisichobebeka hakiendi.

Sasa niambieni. Watu wa namna hiyo wanaweza kutengeneza kitu kizuri ambacho hata tajiri wa mjini atakitamani?

Nawaona mnatikisa vichwa. "Hapana, Mjomba. Kitu kizuri kinataka nyumba kubwa, na kinataka kukaa mahali pamoja."

Mmejibu kwa akili. Watu wazima wengi hudhani hivyo hivyo. Lakini tumwite mwenye habari zake, atueleze mwenyewe. Zulia, karibu. Sema.

"Ahsanteni, watoto," likasema zulia. "Mimi nilizaliwa Iran, katika mkoa wa Fars, ambako mji wake mkuu ni Shiraz. Mama yangu ni Mqashqai. Watu wake ni wafugaji. Wakati wa baridi hukaa nyanda za chini, upande wa Ghuba ya Uajemi. Joto likija, hupanda na kondoo wao mpaka milima ya Zagros, ambako majani bado ni mabichi. Ni safari ya mamia ya kilomita. Baridi ikirudi, wanashuka tena. Kunja, beba, tandika. Hayo ndiyo maisha yetu."

"Na wewe ulitengenezwaje?"

"Nilianza mgongoni mwa kondoo. Baba alimkata sufu. Mama akaisokota ikawa uzi. Kisha akaupika uzi katika rangi, na rangi zote zilitoka kwenye mimea. Wekundu wangu ulitoka katika mizizi. Ubuluu ulitoka katika mnili. Maganda ya komamanga yalitoa rangi yake, na maganda ya jozi yakatoa yake. Halafu baba akatengeneza kitanda cha mfumi."

Hapa nimkatize kidogo mgeni wetu, maana naona mmoja wenu amekunja uso. Kitanda cha mfumi ni nini? Mmeona kitanda cha kamba, sivyo? Kuna mti huku na mti kule, na kamba zimevutwa katikati mpaka zikakaza. Kitanda cha wafumaji wanaohama ni hivyo hivyo, ila hakina miguu. Kinalazwa chini. Kuna gogo moja huku na gogo jingine kule, na yote mawili yanashikiliwa na vigingi vilivyopigiliwa ardhini. Katikati zinavutwa nyuzi nyingi, zimelala sambamba. Hizo nyuzi zinazokwenda kwa urefu huitwa mtande. Mfumaji huketi hapo hapo, juu ya sehemu aliyokwisha kuimaliza, akaendelea mbele. Endelea, zulia.

"Mama akachukua kipande cha uzi wenye rangi. Akakizungusha kwenye nyuzi mbili za mtande zilizo jirani. Akazivuta ncha zake katikati, zikachungulia juu. Akazikata kwa kisu. Fundo moja. Akafunga jingine kando yake. Fundo la pili. Akafunga jingine, na jingine. Safu ilipotimia kutoka ukingo hadi ukingo, akapitisha uzi wa mshindio, ule unaokwenda kwa upana, juu ya mtande mmoja na chini ya mwingine. Akagonga kwa chanuo zito mpaka mafundo yakabanana. Kisha akaanza safu nyingine."

"Mjomba, kwa nini ahangaike na mafundo? Si afume tu kitambaa?"

Umeuliza vema, mwanangu! Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni baridi. Kule milimani usiku ardhi ni baridi sana. Zile ncha za sufu zilizosimama hushika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia huzuia ubaridi usipande. Kondoo hapati baridi kwa sababu ya sufu yake. Mfumaji ameichukua sufu ile, akaisimamisha tena fundo kwa fundo, alale juu yake.

Sababu ya pili ni uhuru. Kila fundo linaweza kuwa na rangi yake. Fundo hili jekundu, lile la buluu, lile jeupe. Kwa hiyo fundo kwa fundo unaweza kuchora ua, au mti, au mbuzi mwenye pembe. Wanawake wa Fars hawachori kwanza kwenye karatasi. Picha iko kichwani, na hakuna mmoja wao anayeweza kufuma mazulia mawili yaliyo sawa kabisa. Ujuzi wao ulitambuliwa mwaka 2010 na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linalotunza utamaduni, ukaandikwa kati ya urithi wa watu wote duniani.

Sasa kuna mtoto pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. Sema, mama.

"Mjomba, siku ya kuhama ikifika na zulia halijaisha, je?"

Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote ya leo. Zulia, umesikia?

"Nimesikia, na ninafurahi ameliuliza. Siku ile ilifika. Majani yalikwisha, kondoo wakaanza kulia. Mama hakulia. Aling'oa vigingi. Akanikunja nikiwa nusu, pamoja na nyuzi zangu na magogo yangu. Akanifunga juu ya mnyama. Tukaenda. Tulipofika, akapigilia vigingi upya, akaketi, akafunga fundo lililofuata. Kunja, beba, tandika.

"Lakini vigingi vipya havivuti sawasawa na vile vya mwanzo. Nyuzi zikakaza zaidi upande mmoja. Ndiyo maana nimepungua upana kidogo hapa, na kuongezeka kidogo pale. Na tazameni wekundu wangu. Hapa umekolea, hapa umepauka, na mpaka kati yake ni mstari ulionyooka. Uzi wa kwanza ulipikwa bondeni. Ulipokwisha, mama akapika mwingine mlimani, kwa maji mengine na mizizi mingine. Wekundu ukaja tofauti. Mama hakuutupa. Aliufuma."

Mmesikia, wanangu? Mtu asiyejua akiona mstari ule atasema zulia lina kasoro. Ninyi sasa mnajua. Pale pana safari. Na hata udogo wake una maana. Kitanda hakiwezi kuwa kipana kuliko kile mnyama anachoweza kubeba, na zulia haliwezi kuwa pana kuliko kitanda. Safari imepima upana wake. Safari imechagua rangi zake. Kwa hiyo wale watu hawakutengeneza uzuri ingawa walikuwa wakihama. Uzuri wenyewe umetokana na kuhama.

"Mjomba, watu walianza lini kufuma hivi?"

Siku ya kwanza imepotea, kwa sababu sufu huoza. Panya huila, nondo huila, mvua huila. Lakini liko zulia moja lililonusurika, na lilinusurika kwa njia ya ajabu.

Katika milima ya Altai, kule Siberia, wafugaji wa farasi walimzika mkubwa wao, wakaweka zulia kaburini. Baadaye wezi wakachimba shimo, wakaiba walichotaka, wakaondoka. Zulia wakaliacha. Maji yakaingia kwa shimo lile, yakaganda kuwa barafu, na barafu haikuyeyuka. Miaka ikapita, mia baada ya mia. Mwaka 1949 mtafiti Sergei Rudenko, Mrusi, alifukua kaburi hilo mahali panapoitwa Pazyryk. Akakuta zulia ndani ya barafu, na rangi zake bado zaonekana. Ukingoni pana wapanda farasi na kulungu wamefuatana. Wataalamu wanasema lina umri wa karibu miaka 2,400. Leo limewekwa katika jumba la makumbusho la Hermitage, mjini Saint Petersburg.

Sasa tufanye hesabu. Upande wake mmoja ni karibu mita 2, mwingine ni sentimita 183. Si kubwa. Lakini lina mafundo zaidi ya 1,250,000. Weka ukucha wa kidole chako juu yake, umefunika mafundo 36 hivi. Tuseme mfumaji alifunga mafundo 5,000 kwa siku. Angehitaji siku 250, bila kuumwa, bila kupika, bila kumbembeleza mtoto. Fundo moja halionekani hata kidogo. Lakini fundo moja, na moja, na moja, yamevuka miaka 2,400 yakatufikia sisi hapa.

"Mjomba, mbona sisi wa West Nile, hapa Uganda, hatufumi mazulia ya sufu?"

Nilikuwa nalisubiri hilo, na nakusifu kwa kulileta. Nenda kamshike kondoo wa jirani. Umepapasa nini? Manyoya mafupi, ya kulala. Kwetu ni joto, na kondoo wetu hawahitaji sufu ndefu. Huwezi kusokota uzi mahali pasipo na sufu. Kila nchi hufuma kile ilichopewa. Sisi tumepewa mkindu.

Utazameni huu mkeka mliokalia. Mwenye kuusuka alikata majani machanga ya mkindu. Akayachana yakawa chane nyembamba. Akayaanika juani mpaka yakawa meupe, akachemsha baadhi yake katika rangi. Akasuka ukili, ule utepe mrefu, mita baada ya mita. Kisha akaushona ukili na ukili, ubavu kwa ubavu, mpaka tukapata pa kukaa. Hapa hakuna fundo la sufu, wala hapahitajiki. Mkeka hupitisha hewa, nao ndio unaotufaa kwenye joto. Lakini ukiisha kukaa, unafanyaje? Unakunja, unabeba, unatandika.

Na nani kwetu wanaosifiwa kwa kazi ya kusuka? Ni kina mama wa Kinubi. Hiyo nayo ni jamii iliyozaliwa safarini. Wazee wao walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta. Emin alipoondoka mwaka 1889, wengi wao walibaki karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard akawachukua, na wake zao, na watoto wao, wakaingia Uganda kwa miguu. Tangu hapo wamehamishwa boma hadi boma. Leo wako Arua, wako Koboko, wako Bombo, na mikono yao bado inasuka mikeka na vikapu vya rangi.

Na sisi wengine je? Koboko iko pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, pale Salia Musala. Babu na bibi zenu wanaijua njia hiyo. Vita vilipofika West Nile, mwaka 1979 na 1980, watu wengi walivuka mpaka. Hakuna aliyebeba kitanda cha mbao. Mkeka ulibebeka. Miaka ikapita, njia ikageuka. Mwaka 2016 majirani zetu wa Sudan Kusini walikuja kwetu, wakapewa mahali Bidibidi, wilayani Yumbe. Huko kina mama hukaa chini ya mti wakidarizi milaya, zile shuka zenye maua na ndege wa nyuzi za rangi. Shuka nayo hukunjika. Kitu cha mtu aliyewahi kuhama hukunjika daima, na mara nyingi ndicho kizuri kuliko vyote alivyo navyo.

"Kwa nini ndicho kizuri, Mjomba?"

Kwa sababu ukiambiwa uchague kitu kimoja tu cha kubeba, kazi yako yote utaiweka kwenye kitu hicho. Mwenye nyumba kubwa hupamba mlango, hupamba ukuta, hupamba kabati. Mwenye kuhama ana mahali pamoja tu pa kuuweka moyo wake. Akikitandika kitu hicho, hapo ndipo nyumbani kwake, hata kama amefika jioni hii.

Lakini nawaambia na jambo la kuhuzunisha, maana ninyi ni wakubwa vya kutosha kulisikia. Ujuzi huu unaweza kufa. Huko Ghuba, wanawake wa Kibeduini, Waarabu waliokuwa wakihama na mifugo yao, walikuwa wakifuma al-Sadu, mikanda na matandiko ya ngamia, kwa vitanda vya chini kama vya Waqashqai. Utajiri wa mafuta ulikuja, familia zikahamia mijini, mabinti wakapata kazi nyingine. Wakabaki bibi wachache wanaojua. Mwaka 2011 UNESCO iliweka al-Sadu ya Falme za Kiarabu katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Na kwetu? Nendeni sokoni Arua. Mikeka ya plastiki imejaa, ya rangi kali, na bei yake ni rahisi. Simlaumu anayeinunua, maana kila mtu ana mfuko wake. Lakini mkeka wa plastiki haumfundishi mtoto chochote. Kusuka ule wa mkindu hujifunzwa kwa njia moja tu: kukaa kando ya mtu anayesuka, mkono wako karibu na wake.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi ninayowapa, wasichana na wavulana pia. Kila mmoja amtafute bibi, shangazi au mama mmoja anayesuka. Msaidieni kuchana majani kwanza, hiyo ndiyo kazi ya mwanafunzi. Kisha mwombeni awafundishe ukili mwembamba, wa chane chache. Wa kwanza utapinda. Msiutupe. Sukeni wa pili.

Na mnapokaa naye, muulizeni maswali kama mlivyoniuliza mimi leo. Muulizeni alifundishwa na nani, na wapi, na wakati ule familia ilikuwa inatoka wapi inakwenda wapi. Mkija kwangu tena, ninyi ndio mtakaohadithia, na mimi ndiye nitakayeuliza.