Waifai Dhaifu Nyumbani: Hamisheni Ruta Kwanza



Nyumba nyingi hulalamika: sebuleni intaneti ni nzuri, lakini chumba cha nyuma, anakosomea mtoto, somo hukatika. Mzazi hununua kifurushi kikubwa zaidi, na hali haibadiliki. Kwa nini?

Waifai ni mawimbi ya redio. Kila yanapopenya ukuta hupungua nguvu. Kuta nene za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar, huyadhoofisha sana. Friji, kabati la chuma na tangi la maji nayo huyazuia.

Basi fanyeni hivi:

1. Simameni karibu na ruta. Kama hata hapo intaneti ni nzito, kosa si la ukuta. Ulizeni kampuni yenu.
2. Wekeni ruta katikati ya nyumba, juu ya rafu, mahali pa wazi.
3. Kwa chumba cha mbali tumieni masafa ya gigahezi 2.4. Gigahezi 5 zina kasi, ila hazipenyi kuta vizuri.
4. Ukuta ukishinda, vuteni waya wa mtandao hadi chumbani.

Anzeni leo, kabla ya kununua kifurushi kingine. Pesa hiyo itatosha madaftari.