Kuuza, Kukodisha au Kuacha? Swali la Uwanja wa Ndege wa Isiolo

Mjadala kuhusu uuzaji wa mali ya umma nchini Kenya huendeshwa kwa Kiswahili mitaani na kwa Kiingereza mikatabani, na pengine hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kutoelewana. Mwaka 2024, habari zilipoenea kwamba kampuni ya Adani ya India ilikuwa imependekeza kuuendesha Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) kwa miaka 30, wananchi walisema uwanja umeuzwa. Serikali ilijibu kuwa hakuna kilichouzwa, bali ni ubia tu. Mwezi Septemba Mahakama Kuu iliusimamisha mpango huo, wafanyakazi wa uwanja wakagoma mwezi uo huo, na tarehe 21 Novemba rais akaufutilia mbali.

Makala haya hayakusudii kuurudia mjadala wa JKIA. Uwanja ule ni ng'ombe mwenye maziwa, na mnunuzi wake hatafutwi. Swali gumu zaidi linahusu ng'ombe aliyekauka: uwanja wa umma uliojengwa kwa gharama kubwa ukakosa ndege, je, uuzwe? Sisi wa Meru na Embu hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta mfano.

Uwanja wa Kimataifa wa Isiolo umekaa mpakani, sehemu yake ikiwa upande wa Kaunti ya Isiolo na sehemu upande wa Meru, katika eneo ambalo mpaka wenyewe umezozaniwa kwa miaka mingi. Ulizinduliwa mwaka 2017 baada ya kugharimu takriban shilingi bilioni 2.7. Jengo lake la abiria lilikusudiwa kuwahudumia watu 125,000 kwa mwaka, na idadi hiyo haijawahi kukaribiwa. Safari za ratiba zimekuwa zikianza na kukatika. Uwanja ulitarajiwa kuwa sehemu ya mradi mkubwa wa LAPSSET, ambao uliuahidi mji wa Isiolo hadhi ya kitovu cha utalii, ila ndege zilitakiwa kufika kabla ya hoteli za kuwapokea wageni kujengwa.

Kabla ya kuuliza kama uwanja uuzwe, yafaa tuulize ni nani mwenye kuuza. Nchini Marekani miji mingi humiliki viwanja vyake. Mji wa Chicago, kwa mfano, ulikubali mwaka 2008 kuukodisha uwanja wake wa Midway kwa miaka 99 kwa takriban dola bilioni 2.5, na mpango ukaporomoka mwaka 2009 wawekezaji waliposhindwa kupata mikopo. Kenya hali ni tofauti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia serikali ya kitaifa usafiri wa angani, na viwanja vikuu vimo mikononi mwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (KAA) iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1991. Kwa hivyo gavana wa Meru au wa Isiolo hana uwanja wa kuuza wala wa kurefusha, hata kama ahadi za majukwaani humpa sura hiyo. Mkulima wa muguka wa Mbeere, ambaye huenda asiwahi kuukanyaga uwanja huo, ana sehemu yake ndani yake sawa na mkazi wa Isiolo mjini, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato ya KAA hutoka JKIA na ndiyo hutumika kuvibeba viwanja visivyojitegemea.

Hapa wanafunzi wa Kiswahili tuna la kuchangia. Neno kuuza lina maana isiyo na utata: milki inahama na hairudi. Kukodisha ni kumpa mwingine matumizi huku mwenye mali akibaki na hati. Hata hivyo, ukodishaji wa miaka 99 ni jambo ambalo mtoto aliyezaliwa siku ya kutiwa saini hatarajiwi kuuona mwisho wake, na mtu wa kawaida anayeuita mauzo hajapotoka sana. Ubia nao, kwa maana asilia, ni kuchanga pamoja na kugawana faida na hasara. Mkataba ambao mmoja anahakikishiwa faida na mwingine anabakiziwa hasara unastahili jina jingine. Ama neno ubinafsishaji, lilizaliwa likiwa na kasoro: limetokana na binafsi, nalo limeketi jirani na ubinafsi, kiasi kwamba msikilizaji huhisi uchoyo kabla hajaelezwa lolote. Sidhani kama istilahi nyingine yoyote ya uchumi katika lugha yetu hujihukumu yenyewe kiasi hicho.

Tuyaache maneno, tuangalie hesabu. Uwanja wa ndege hupata fedha kutokana na ada za kutua na kuegesha ndege, ada za abiria, kodi za maduka na huduma za mizigo. Gharama zake nyingi hazijali idadi ya ndege: kikosi cha zimamoto lazima kiwepo, ua lazima ulindwe dhidi ya mifugo, lami lazima izibwe nyufa, ikiwa itatua ndege moja au ishirini. Mnunuzi wa uwanja kama huu hurithi gharama zile zile na ukosefu ule ule wa abiria. Akipandisha ada, ndege chache zilizopo zitahama. Akipunguza walinzi na wazimamoto, atazuiwa na kanuni za usalama. Linalobaki ni ardhi.

Wapo watakaosema kuwa mwekezaji angeweza kuvuta biashara ambayo serikali imeshindwa kuivuta, na mfano wanaoutaja daima ni miraa. Hoja hii inastahili kupimwa kwa makini. Miraa ya Igembe na Tigania hupoteza nguvu na thamani yake haraka baada ya kuvunwa, ndiyo maana pikapu huondoka Maua na Laare kwa kasi ya kutisha, zikapita Meru, Chuka na Embu hadi Nairobi, ambako mzigo hupakiwa ndegeni katika uwanja wa Wilson kuelekea Somalia. Wakazi wa kandokando ya barabara hiyo wanajua gharama yake kwa majina ya waliogongwa. Isiolo ni karibu zaidi. Kwa nini basi miraa haipiti huko? Jibu la kawaida ni kuwa njia ya kurukia ya Isiolo ni fupi, kilomita 1.4 tu.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Njia za Wilson zenyewe ni za takriban kilomita moja na nusu, tena Wilson iko juu zaidi kutoka usawa wa bahari kuliko Isiolo, na kadiri mtu apandavyo juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na ndege kuhitaji mwendo mrefu zaidi wa kurukia. Ndege ndogo za mizigo zinazoondoka Wilson zikiwa na miraa hazishindwi na Isiolo kwa sababu ya urefu peke yake. Kinachozishikilia Wilson ni madalali, mafuta, maafisa wa forodha, mafundi na mizigo mingine ya kujazia nafasi. Soko limejijenga pale kwa miaka mingi, na soko halihami kwa amri. Isitoshe, soko lenyewe limeyumba: Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza ikafuata mwaka 2014, na Somalia ilifunga mlango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Mwekezaji makini hawezi kuukopea uwanja mzima kwa kutegemea zao moja ambalo hatima yake huamuliwa na waziri wa nchi nyingine. Maua na mboga za Timau ni suala tofauti. Hizo huenda Ulaya kwa ndege kubwa, na kwa ndege hizo kilomita 1.4 hazitoshi kabisa.

Majirani zetu Watanzania, ambao hupendelea kusema kiwanja cha ndege pale sisi tunaposema uwanja, walikwisha kuijaribu njia hii. Mwaka 1998 Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro kilikabidhiwa kampuni ya KADCO kwa mkataba wa miaka 25, serikali ikibaki na hisa chache. Kilimanjaro haikuwa Isiolo. Ilikuwa na mlima, mbuga na watalii. Hata hivyo, mwaka 2009 serikali ililazimika kuzinunua hisa za wabia wake. Huko New York, uwanja mdogo wa Stewart ulikodishwa mwaka 2000 kwa kampuni ya Uingereza kwa miaka 99, kwa dola milioni 35. Mwaka 2007 haki ya miaka iliyosalia ilinunuliwa na mamlaka ya umma kwa dola milioni 78.5. Umma uliuza bei rahisi, ukarudi kununua bei ghali.

Lakini hoja inayonizuia zaidi kuunga mkono uuzaji wa Isiolo si ya fedha. Mtaa mmoja wa mji huo huitwa Kiwanjani. Wakazi wa huko na wa mitaa jirani walihamishwa ili uwanja upanuliwe, na malalamiko yao kuhusu fidia na viwanja mbadala yamesikika kwa miaka mingi. Ibara ya 40 ya Katiba huruhusu mtu kunyang'anywa ardhi kwa manufaa ya umma pekee, tena kwa fidia ya haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 110, inasema kuwa kusudi hilo la umma likikoma, Tume ya Ardhi inaweza kuwapa wamiliki wa awali nafasi ya kwanza ya kuirejesha ardhi yao, mradi warudishe fidia waliyolipwa. Ni kifungu ambacho hakitajwi majukwaani. Iwapo uwanja utauzwa kwa sababu umeshindwa kuwa uwanja, mnunuzi wa kwanza wa kuulizwa si kampuni ya ng'ambo. Ni mama aliyehamishwa Kiwanjani.

Kwa maoni yangu, Isiolo isiuzwe, na pia isiachwe kama ilivyo. KAA ichapishe hesabu za uwanja huo peke yake, bila kuzichanganya na za JKIA, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Ada za kutua zipunguzwe kwa kipindi maalumu, na afisa wa forodha na kituo cha mafuta vipelekwe kabla ya kilomita moja ya lami kuongezwa. Upanuzi wa njia ukija, utahitaji ardhi, na mzozo wa mpaka utaibuka tena. Mikutano ya kuwashirikisha wananchi iitishwe pande zote mbili, na rasimu ya mkataba isomwe kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7, kabla mtu yeyote hajaombwa kuinua mkono.