Mama Akienda Uingereza, Bili ya Hospitali ni ya Nani?

Tiketi imekatwa, viza ya matembezi ya miezi sita imetoka, na mama wa Tanga anafunga mizigo kwenda Leicester kumwona mjukuu. Presha anayo miaka mingi. Zawadi zimeshapangwa hadi dagaa na viungo vya pilau, lakini hakuna aliyeuliza: akiugua kule, nani atalipa?

Wengi wamesikia kwamba hospitali za Uingereza ni bure. Ni bure kwa mkaazi. Mgeni huangaliwa ametoka wapi. Uingereza imefunga mikataba ya afya na nchi kadhaa, zikiwemo Australia, New Zealand, Serbia na Bosnia: mtu wa nchi hizo akiugua ghafla akiwa matembezini hutibiwa bila kudaiwa, na Mwingereza naye hutendewa vivyo akiwa kwao. Wa Umoja wa Ulaya huja na kadi zao za bima ya afya. Tanzania na Kenya hazimo. Hata Mwingereza aliyehamia Mombasa miaka 20 iliyopita asitegemee pasipoti yake, kwa kuwa kinachotazamwa ni makazi, si uraia.

Kwa hiyo mama yetu anapata nini bure? Akiwa England, kumwona daktari wa mtaa hakulipiwi. Kupokelewa na kutibiwa katika kitengo cha dharura hakulipiwi. Kifua kikuu, malaria na VVU hutibiwa bure kwa yeyote, kwa kuwa maradhi ya kuambukiza yakiachwa humdhuru kila mtu. Dawa za daktari huyo wa mtaa zina bei moja: tangu Mei 2024 ni pauni 9.90 kwa kila aina.

Gharama inaanzia mlango wa wodi. Presha ikipanda, daktari wa dharura akaamua mama alazwe, kuanzia hapo anahesabiwa kuwa mgeni wa kulipa, na kiwango chake ni asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa. Tiba iliyopangiwa pauni 4,000 kwake inakuwa 6,000. Hatafukuzwa: tiba ya haraka hutolewa kwanza, bili ikafuata. Ile isiyo ya haraka, tangu Oktoba 2017, hulipiwa kabla. Na deni la pauni 500 au zaidi likipita miezi miwili bila kulipwa wala kupangiwa utaratibu wa kulipa kidogo kidogo, linaweza kumnyima viza safari ijayo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu bibi anaweza kukosa kumwona mjukuu tena kwa ajili ya siku chache za wodini.

Je, hawezi kulipa ile ada ya afya wanayolipa wahamiaji? Hawezi. Ada hiyo, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mwanafunzi, ni ya anayeomba kukaa zaidi ya miezi sita. Akishailipa hutibiwa karibu sawa na mkaazi. Mwenye viza ya matembezi hauziwi.

Inabaki bima ya safari. Anayekwenda Ujerumani au Ufaransa halazimiki kuwaza, maana viza ya Schengen haitoki bila bima ya angalau yuro 30,000. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 2024, humtaka mgeni kutoka nje ya nchi anunue bima ya dola 44. Uingereza haikulazimishi, na ndiyo maana watu wengi huiruka.

Usiiruke, wala usinunue ya bei ya chini kabisa kabla hujaisoma. Bima nyingi za bei nafuu hazigusi ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya safari, na ugonjwa wa mama ndio huo. Itajeni presha kwenye fomu, hata kama bei itapanda. Ukiificha, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa siku ya shida. Ulizeni pia mwisho wa umri, na kama kampuni huilipa hospitali yenyewe au humwacha mgonjwa alipe kwanza. Pa kubana matumizi ni kwenye kinga ya mizigo iliyopotea.

Abebe dawa za kumtosha safari nzima, pamoja na cheti cha daktari wake. Namba ya simu ya bima awe nayo na mwanawe wa Leicester, maana mama akilazwa usiku, atakayepigiwa simu na wodi ni yeye.